Kutoka kichwa cha mpagazi hadi kirikuu: historia ya vyombo vya shamba Nyanda za Juu Kusini na somo lake kwa anayetaka kununua



Kila baada ya mavuno swali ni lile lile. "Bwana shamba, nimepata hela kidogo, ninunue chombo gani?" Mmoja anataka toyo, mwingine kirikuu, mwingine powatila yenye tela, na wapo wanaosema hawatulii mpaka wapate pikapu foo wili. Wengi hawana fedha yote mkononi, kwa hiyo wanajazia na mkopo wa VICOBA au SACCOS. Ndiyo maana silijibu swali hili haraka. Ukikosea mbegu unaumia msimu mmoja. Ukikosea gari unaumia miaka, kwa sababu marejesho yanaendelea hata kama gari limekaa juu ya mawe.

Leo sitaanza na orodha ya magari mazuri na mabaya. Nitaanza na historia, kwa sababu kwa zaidi ya miaka 100 hapa Iringa na Mbeya tumeshajaribu karibu kila kitu: vichwa vya watu, punda, maksai, malori, Land Rover, matrekta, powatila. (Ninaposema Iringa na Mbeya nina maana ya mikoa ile ya zamani, kabla ya Njombe kuwa mkoa mwaka 2012 na Songwe mwaka 2016.) Vingine vilidumu, vingine viliishia kutu. Ukitazama kwa nini, utaona kwamba chombo kilichodumu ni kile ambacho mtu aliangalia kwanza kazi yake, njia yake na fundi wake, ndipo akatoa fedha.

Enzi ya kichwa na bega

Wajerumani walipojenga boma lao Iringa mwaka 1896, mzigo wote uliotoka pwani ulibebwa na watu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu kilo 30. Piga hesabu: ili kusafirisha tani 3 tu, ambazo leo Canter moja inabeba, walihitajika watu 100.

Hesabu nyingine inaonyesha tatizo lenyewe. Kutoka Iringa hadi Dodoma ni zaidi ya kilomita 250. Mpagazi akitembea kilomita 20 hadi 25 kwa siku, anatumia siku 11 au 12 kwenda, na siku kama hizo kurudi. Akila kilo moja ya unga kwa siku, safari nzima inamaliza kilo 23 hivi kati ya 30 alizobeba. Ndiyo maana kwa wapagazi zilisafiri bidhaa nyepesi zenye bei kubwa, kama pembe za ndovu na mpira. Mahindi hayakuweza kwenda mbali, yangeliwa njiani. Mkulima wa nyanda za juu hakuwa maskini kwa sababu ardhi haikuzaa, bali mazao yake yalikuwa mazito kuliko njia iliyokuwepo.

Vita Kuu ya Kwanza ilionyesha ukatili wa usafiri huo. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yalipoingia kutokea Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, yakapita Tukuyu mpaka Iringa, nyuma yao walikuwepo wapagazi. Upande wa Wajerumani nao ulitumia wapagazi. Katika vita ile makumi ya maelfu ya wabebaji walikufa, wengi kwa njaa na magonjwa wala si kwa risasi. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam linatokana na kikosi hicho cha wabebaji wa Waingereza.

Malori ya kwanza, mbali na reli

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini sisi wa kusini tulibaki pembeni. Kwa miaka mingi mzigo wa Iringa ulipanda lori hadi Dodoma ndipo ukakutana na treni. Dhahabu ya Lupa kule Chunya, iliyovuta watu wengi miaka ya 1920 na 1930, iliongeza magari njiani na kuukuza mji wa Mbeya. Shirika la reli lenyewe liliendesha mabasi na malori ya kuunganisha miji yetu na stesheni zake.

Lakini lori lilikuwa la barabara kuu. Kutoka barabara kuu hadi shambani mzigo uliendelea kubebwa kichwani, na akina mama ndio waliobeba zaidi. Nakuomba ulikumbuke hili, kwa sababu hata leo kipande kigumu zaidi cha safari ya gunia lako ni zile kilomita chache kati ya shamba na lami, kuliko hata safari ya kutoka Makambako hadi Dar es Salaam.

Gari lililozaliwa shambani

Baada ya Vita Kuu ya Pili, huko nje kulitokea mambo matatu yanayotuhusu.

La kwanza, Marekani. Mwaka 1945 gari la jeshi la Jeep lilianza kuuzwa kwa raia, na wateja waliolengwa zaidi walikuwa wakulima. Liliweza kuvuta plau, kuendesha mashine kwa nguvu ya injini yake, na kufungwa bamba mbele la kusukumia theluji wakati wa baridi.

La pili, Uingereza. Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba kisiwa cha Anglesey na alilitumia Jeep kuukuu la jeshi. Alipojiuliza atalibadilisha na nini likichakaa, hakuona kitu. Ndipo likatengenezwa Land Rover, likaonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. La kwanza la majaribio lilikuwa na usukani katikati, kama trekta. Bodi yake ilikuwa ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Waliotengeneza walifikiria mkulima. Kilichofuata, gari hilo likawa la bwana shamba, la misheni, la polisi na la mkuu wa wilaya karibu Afrika nzima. Wazee wa Njombe na Tukuyu wanalikumbuka lile refu, Land Rover 109, lililobeba wagonjwa, mbolea na masanduku ya kura.

La tatu, Ujerumani. Mwaka huo huo wa 1948 ilianza kuuzwa mashine iitwayo Unimog. Mhandisi Albert Friedrich na wenzake waliipa nafasi kati ya gurudumu la kushoto na la kulia ya sentimita 127. Kwa nini namba hiyo? Kwa sababu ilikuwa sawa na matuta mawili ya viazi, ili ipite shambani bila kukanyaga viazi. Baadaye Unimog ilikuja kujulikana pia kwa kuondoa theluji barabarani, lakini ilianza na tuta la kiazi.

Wewe mkulima wa viazi wa Umalila, Kitulo au Makete, hapo kuna somo. Wahandisi wale walipima tuta kwanza, ndipo wakachora gari. Sisi mara nyingi tunanunua gari kwanza, ndipo tunaanza kutafuta tuta.

Kwetu theluji haianguki mashambani, ingawa Kitulo na Makete umande huganda na kuunguza majani ya viazi. Theluji yetu ni tope. Kuanzia Januari hadi Aprili udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Minyororo ile ambayo madereva wetu wanafunga kwenye matairi ya nyuma kupanda milima wakati wa masika asili yake ni theluji: Mmarekani Harry Weed aliisajili mwaka 1904 kwa ajili ya barabara zenye theluji na matope. Chombo cha nchi ya baridi kinaweza kutufaa basi, mradi kazi ifanane.

Trekta: Kongwa na Isimani

Tuna mfano mkubwa wa kununua bila kupima, na uko jirani tu. Kuanzia mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta mengi yaliyobaki vitani, na hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta. Lakini udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama saruji, mvua zilikuwa haba, mashine zilikuwa kuukuu, spea na mafundi havikutosha. Mwaka 1951 mradi ulifungwa, na fedha iliyopotea ilihesabiwa kuwa zaidi ya pauni milioni 36. Mashine zilikuwa na nguvu za kutosha. Kilichokosekana ni mtu wa kuupima udongo na mvua kabla ya kuziagiza.

Miaka hiyo hiyo ya 1950 na 1960, tambarare ya Isimani, kwenye barabara ya Iringa kwenda Dodoma, ilikuwa na hadithi tofauti. Wakulima Waafrika walifyeka pori, wakalima mahindi kwa matrekta yao au ya kukodi, na Isimani ikasifika kwa mahindi. Trekta lilifaa pale kwa sababu ardhi ni tambarare, mashamba yalikuwa makubwa, na lori liliweza kufika hadi shambani. Lililoleta hasara kwa muda mrefu ni kulima mfululizo bila kurudisha rutuba. Lakini chukua trekta lile lile ulipandishe kwenye miteremko ya Rungwe, kwenye vishamba vya nusu ekari kati ya migomba na kahawa, halina hata nafasi ya kugeuza.

Barabara kuu na reli ya uhuru

Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikawa hatarini kukosa mafuta na njia ya kupitisha shaba yake. Mzigo ukahamia kwetu. Malori yalipita kwenye barabara ya vumbi na tope kutoka Dar es Salaam kupitia Kitonga, Iringa, Mbeya hadi Tunduma. Ajali zilikuwa nyingi kiasi kwamba madereva waliibatiza njia ile barabara ya jehanamu. Kampuni ya pamoja ya Zambia na Tanzania iliundwa mwaka 1966, ikaleta malori ya Fiat kutoka Italia. Bomba la mafuta la TAZAMA likakamilika mwaka 1968, lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na TAZARA yenye kilomita 1,860, iliyojengwa kwa msaada wa China, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976.

Hapo ndipo mahindi na viazi vyetu vilipopata njia ya kutoka. Makambako, uliokuwa mji mdogo, ukawa njia panda ya biashara. Miaka ya 1980 Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma ndiyo mikoa iliyojulikana kitaifa kwa kulisha nchi mahindi.

Miaka ya spea adimu

Lakini kuwa na lami si kuwa na gari. Mwaka 1972 chama cha TANU kilikutana hapa Iringa na kutoa azimio la Siasa ni Kilimo. Mwalimu Nyerere alisisitiza mara nyingi kwamba mkulima wa kawaida asivuke moja kwa moja kutoka jembe la mkono hadi trekta, apitie kwenye jembe la kukokotwa na ng'ombe. Hata hivyo, katika miaka ya vijiji vya ujamaa, vijiji vingi vilipewa au kununua trekta moja la wote. Liliharibika pampu, hakuna fedha za kigeni za kununua pampu, likabaki chini ya mti.

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, pamoja na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, vilizidisha hali. Magari mengi ya watu na mashirika yalichukuliwa kwa ajili ya vita. Petroli ilikuwa haba mpaka magari binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili mchana. Mahindi yalinunuliwa na Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lakini malori ya kuyatoa vijijini hayakutosha, na mengine yalinyeshewa yakisubiri.

Nani aliyeendelea kusafirisha wakati ule? Mwenye punda na mwenye maksai. Kuanzia mwaka 1987 Mbeya ilikuwa na mradi wa kuendeleza wanyamakazi, uliosaidiwa na Kanada, na kiwanda cha Zana za Kilimo Mbeya kilitengeneza majembe na plau. Mkokoteni wa ng'ombe haukuhitaji fedha za kigeni. Ekseli ikikatika, fundi wa kuchomelea yuko sokoni. Maksai wawili wanavuta nusu tani kwenye njia ya tambarare, wanakula majani, na wakizeeka unawauza. Mpaka leo ukipita Mbozi au Usangu utawaona bado kazini.

Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti, mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa. Hapo ndipo pikapu za watu binafsi zilipoanza kuonekana kwa wingi vijijini, na baadaye Canter na Fuso za Kijapani. Kwa mara ya kwanza mfanyabiashara wa kijijini aliweza kuchagua gari mwenyewe. Kabla ya hapo alichaguliwa.

Powatila za Kilimo Kwanza

Mwaka 2009 Rais Jakaya Kikwete alizindua Kilimo Kwanza, na halmashauri nyingi zikanunua powatila kwa ajili ya vikundi. Zote ni mashine za aina moja, nyingi za nguvu farasi 12 hadi 16. Matokeo yalitofautiana kama mchana na usiku.

Kwenye majaruba ya mpunga ya Mbarali, na kule Pawaga kwa upande wa Iringa, powatila ilifaa. Udongo una maji, ni laini, eneo ni tambarare. Mchana inalima, jioni inafungwa tela inabeba mpunga, kesho inafungwa pampu ya maji. Lakini kwenye udongo mkavu na mgumu iliruka ruka juu bila kuchimba, na kwenye miteremko ilimchosha na kumhatarisha dereva. Kwenye kata nyingi utaikuta moja nyuma ya ofisi, tairi zimepasuka.

Mashine haikuwa mbovu. Ilitengenezwa kwa ajili ya majaruba ya Asia, na ilipokuta majaruba ilifanya kazi. Jambo lingine la kuzingatia ni kwamba mahali ilipodumu, mara nyingi tela ndilo lililoilipia. Kulima ni kazi ya wiki chache, kubeba ni kazi ya mwaka mzima.

Kirikuu na toyo

Sasa tufike kwenye kirikuu, ile Suzuki Carry na ndugu zake. Mwaka 1949 Japani iliweka daraja la magari madogo yenye kodi nafuu. Leo sheria ya daraja hilo inataka urefu usiozidi mita 3.4, upana usiozidi mita 1.48, injini isiyozidi sisi 660, kiwango kilichowekwa mwaka 1990, na mzigo usiozidi kilo 350. Mashamba ya Japani ni madogo kama yetu, njia za kuingilia ni nyembamba. Kwa maeneo yenye tope na theluji walitengeneza foo wili. Yakichakaa kidogo kwao yanauzwa, na kwa kuwa wao pia wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, yanaingia kazini siku ile ile yanapotoka bandarini.

Kwa hiyo kirikuu ni ndugu wa Land Rover na Unimog kwa asili: ilichorwa kwa ajili ya mkulima mdogo. Imeenea hapa kwa sababu inakula mafuta kidogo, na spea zake zinapatikana Mwanjelwa na Iringa mjini, kuanzia brekipedi hadi injini nzima.

Shida inaanza tunapoisahau ile namba 350. Hiyo ni gunia tatu na nusu za kilo 100. Njiani tunaziona zimebeba gunia nane na kumi, tena za lumbesa, ambayo sheria ya vipimo inaikataza kwa sababu gunia halipaswi kuzidi kilo 100. Springi zinalala, breki zinachemka, na mteremko wa Mlima Nyoka au Iwambi haukusamehe. Anayelipa si mwenye gari peke yake. Ni kijana aliyekaa juu ya magunia.

Toyo nayo ni rahisi kununua na rahisi kutengeneza, maana injini ni ya pikipiki. Kwenye tambarare ya Igawa au mjini inafanya kazi nzuri. Ina magurudumu matatu, kwa hiyo kwenye kona ya mteremko ikiwa na mzigo mrefu inapinduka kirahisi.

Maswali matano kabla ya kutoa fedha

Kutokana na historia hiyo, kaa na familia au kikundi chako mjibu maswali haya kwa kuandika.

*1. Kazi yenyewe ni ipi, na ni siku ngapi kwa mwaka?* Kama unavuna wiki tatu tu, chombo kitafanya nini wiki 49 zilizobaki? Mbolea, maziwa, maji, matofali, mizigo ya majirani? Kama jibu hakuna, kukodi ni nafuu kuliko kununua.

*2. Ni kilo ngapi kwa safari?* Tuseme una ekari 4 za viazi na unapata gunia 200 za kilo 100, yaani kilo 20,000. Kwa kirikuu yenye kilo 350 ni safari 58. Kwa tela la kilo 500 ni safari 40. Kwa Canter ya tani 3 ni safari 7. Kama barabara kuu iko kilomita 2, safari 58 zinawezekana kwa siku kadhaa. Kama iko kilomita 25, mafuta yatakula faida. Hapo tumia chombo chako kidogo kukusanya mzigo mahali lori linapofika, kisha ukodi lori na wenzako.

*3. Njia yako ikoje mwezi wa Machi?* Usinunue gari kwa kuangalia barabara ya Agosti. Tembea njia nzima wakati wa mvua, hesabu madaraja ya miti, vilima na mahali pa kugeuzia. Kama wewe na majirani mnaweza kuchimba mifereji ya kutoa maji na kumwaga moramu sehemu mbili mbaya, huenda mkahitaji gari la bei nafuu zaidi.

*4. Spea na fundi wako umbali gani?* Muulize fundi wa karibu nawe ameshafungua ngapi za aina hiyo. Muulize muuza spea bei ya klachi, breki, tairi na shokapu kabla hujauliza bei ya gari. Kama fundi anakuna kichwa, kumbuka trekta la kijiji chini ya mti.

*5. Nani ataendesha, na matengenezo yatalipwa na mfuko gani?* Dereva awe na leseni ya daraja linalohusika. Gari liwe na bima na kadi iliyohamishwa jina. Kila safari itoe kiasi kinachowekwa pembeni kwa ajili ya matairi na oili, hata kama aliyebebewa ni shemeji. Vikundi vingi havivunjwi na ubovu wa mashine. Vinavunjwa na safari za bure.

Kwa kifupi, kwa maeneo yetu

Majaruba ya Mbarali na Pawaga: powatila yenye tela inafaa, ukiwa na kazi ya tela nje ya msimu.

Tambarare za Isimani, Mbozi na Usangu kwa mkulima wa ekari chache: maksai na mkokoteni bado ni hesabu nzuri. Trekta likodiwe kwa kulima tu.

Mashamba yaliyo karibu na lami au barabara ya changarawe, kama Mafinga, Makambako, Uyole na Tukuyu: kirikuu nzima, ikiwezekana foo wili, kwa mzigo wake halali.

Milima ya Makete, Umalila na Rungwe: punda kwa kilomita ya kwanza kutoka shambani. Mfanyabiashara anayekusanya mzigo wa wengi ndiye mwenye hesabu ya kununua pikapu foo wili au Canter, kwa sababu ana kazi ya mwaka mzima ya kuilipia.

Ukipata jibu la "bado", usione aibu. Hela ile ile inaweza kununua mbegu bora ya viazi, mbolea na punda wawili, na msimu ujao ukaja dukani ukiwa na fedha yako yote bila mkopo. Muuza magari atakuwepo.

Na ukishafikia kununua gari lililotumika, nenda na fundi wako, siyo fundi wa muuzaji. Liwashwe likiwa limepoa, mwangalie moshi, oili na kutu chini ya bodi, mlinganishe namba ya chesisi na kadi, kisha mlipeleke kilimani likiwa na mzigo. Shughuli hiyo ni ya nusu siku. Marejesho ya mkopo ni ya miaka.

Nawatakia msimu mwema, na mvua za kiasi.